Bunduki za Wazee Wetu na Deni la Baruti

Katika vijiji vingi vya Katanga na vya upande wa ziwa Tanganika, mpaka leo twaona bunduki ndefu, iliyofungwa waya au ngozi, imetundikwa katika nyumba ya mwindaji. Haitiwi risasi kwa nyuma kama bunduki za askari, bali kwa mdomo, na kila mara ikipigwa hapana budi kuishindilia upya. Wazee huiita gobori, au bunduki ya gumegume. Vijana huicheka. Wengine husema ya kuwa ni uchafu wa biashara ya zamani, ambao wazee wetu walidanganywa nao. Wengine huisifu kana kwamba ilikuwa ngao ya taifa zima.

Sisi hatutaki kuicheka wala kuisifu. Twataka kuuliza swali moja tu, ambalo mapadri, waseminari na wakatekista wapaswa kujiuliza wanaposoma historia ya inchi hii: bunduki hizi zilikuwa za nani? Tutaona ya kuwa mti wake, mtambo wake, na baadaye hata mtutu wake, vilipata kuwa vyetu kwa kazi ya mikono ya wafuachuma wetu. Lakini baruti nzuri ilitoka daima katika mikono ya mtu mwingine, na mtu huyo alitaka kulipwa. Malipo yake ndiyo yaliyoharibu inchi.

I. Bunduki yenyewe

Tueleze kwanza namna bunduki hii inavyofanya kazi. Ina sehemu nne. Ya kwanza ni mtutu, bomba refu la chuma lililozibwa nyuma. Ndani yake ni laini, hamna mifereji ya kuizungusha risasi. Ya pili ni kitako cha mti, ambacho mpigaji hukitegemeza begani. Ya tatu ni mtambo, wenye nyundo, kamani na kifyatuo. Ya nne ni mdeki, yaani fimbo ya kushindilia.

Mpigaji humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, hutia kizibo cha majani makavu au cha nyuzi za magome, na kukishindilia kwa mdeki. Ndipo hutia risasi, na kizibo kingine ili isianguke. Halafu hutia baruti kidogo katika kisahani kilicho ubavuni, karibu na kitundu kiitwacho kifa. Akivuta kifyatuo, nyundo yenye jiwe la gumegume hupiga kipande cha chuma, cheche huangukia kisahani, na moto hupita katika kifa hata ndani ya mtutu. Yote hayo hufanyika kwa nafasi ya kufumba jicho. Lakini mvua ikinyesha, au umande ukiingia kisahanini, au jiwe likichakaa, mpigaji husikia mlio wa nyundo tu, na mnyama amekwisha kwenda zake. Kwa sababu hiyo Wazungu wa karne ya 19 walitengeneza fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayowaka ikigongwa. Bunduki ya fataki haiogopi mvua sana. Lakini fataki haziokotwi mtoni kama mawe, hununuliwa dukani. Basi kila hatua ya maendeleo ya bunduki iliongeza kitu kimoja cha kununua.

Bunduki ya namna hii haifiki mbali. Ikipita hatua 100, kumpata mnyama ni bahati tu. Kwa nini basi iliogopwa hivyo? Kwa sababu ya sauti yake na moshi wake, na kwa sababu waliopigwa nayo mara ya kwanza hawakuona mshale wowote ukija.

II. Njia mbili za bunduki

Bunduki zilifika katika Katanga kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka magharibi, katika Angola ya Wareno. Wachuuzi wa Bihe walikuja na misafara wakileta nguo, baruti, na bunduki ndefu nyepesi zilizoitwa lazarina, kwa jina la mafundi mashuhuri wa zamani. Jina lilikuwa la Wareno na Waitalia, lakini nyingi kati ya hizo zilifanywa katika mji wa Liège, Ubelgiji, na mafundi wa huko waliandika jina la fundi wa Braga juu ya chuma chao ili zipate kununuliwa.

Njia ya pili ilitoka mashariki, Unguja na pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganika. Baada ya miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalipoanza kuchukua bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, bunduki zao za zamani hazikutupwa. Ziliuzwa kwa bei ndogo, na meli zikazileta Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria ya kuwa bunduki elfu 80 mpaka elfu 100 ziliingia Afrika ya mashariki kila mwaka. Hesabu hiyo yaonyesha ya kuwa vita vya wakati ule havikuwa mambo ya vijiji tu, bali uchafu wa viwanda vya Ulaya uliopata soko.

Na msomaji wa seminari ajue jambo hili pia. Mji wa Liège ulitawaliwa muda wa karne nyingi na maaskofu wake, ambao walikuwa wakuu wa inchi vilevile. Mwaka 1672 mmoja wao, Maximilian Henry wa Bavaria, alitoa amri ya kuwa kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa, na uliovumilia upigwe alama. Alifanya hivyo ili mnunuzi asiuawe na bunduki yake mwenyewe. Ilikuwa amri ya haki. Lakini amri ile iliangalia usalama wa yule aliye nyuma ya bunduki; hapakuwa na amri ya kumwangalia yule aliye mbele yake.

III. Kazi ya wafuachuma

Watu husema kwa upesi ya kuwa Mwafrika alipokea bunduki kama mtoto anavyopokea kitu cha kuchezea. Si kweli. Inchi ya Katanga ilijua kuyeyusha chuma na shaba karne nyingi kabla ya bunduki ya kwanza. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na maziwa ya Upemba, wataalamu walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na maiti. Wafuachuma wa inchi kama hiyo walipoona bunduki, hawakuona uchawi. Waliona chuma, na chuma walikijua.

Basi walianza na yale yaliyokuwa rahisi. Kitako kilichovunjika walichonga kingine cha mti mgumu, na mulombwa ulipendwa kwa kazi hiyo. Kitako kilichopasuka walikivika ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kuliko kamba yoyote. Wabayeke walijua kuvuta waya mwembamba wa shaba, na waya huo uliweza kufunga mtutu juu ya mti wake. Risasi za madini ya risasi zilikuwa haba, basi walifanya risasi za shaba, kwani shaba ilikuwa mali ya inchi. Upande wa magharibi, Wachokwe walisifiwa sana kwa kutengeneza bunduki zilizoharibika, na kuzipamba kwa misumari ya shaba ya njano hata zikapendeza kuliko zilivyokuwa zilipofika.

Kamani ya mtambo ilikuwa kazi ngumu zaidi. Chuma chake chataka kupashwa moto kwa kadiri, kisha kuzimishwa kwa kadiri: kikizidi ugumu huvunjika, kikizidi ulaini hakirudi. Mfuachuma hakuwa na kipimo cha joto. Aliitazama rangi ya chuma katika makala, akajua. Elimu hiyo haikuandikwa. Baba alimpa mwana, pamoja na miiko ya kiwanda chake.

Lakini mtutu ulikuwa shida kuu. Mtutu wapaswa kunyoka, kuwa sawa ndani, na kuvumilia nguvu ya baruti. Muda mrefu wafuachuma wetu walitengeneza sehemu nyingine zote, wakabaki kutumia mitutu ya zamani iliyotoka Ulaya, wakiikata ilipopasuka na kuifunga tena. Baadaye walipata mabomba ya mashine, na hasa bomba la usukani wa motokari kuukuu. Hapo bunduki nzima iliweza kuzaliwa kijijini. Hata hivi, bomba la usukani halikufanywa kwa ajili ya baruti, na kijijini hapana nyumba ya kujaribia mitutu kama ile ya Liège. Aijaribuye ni mwindaji, kwa bega lake na macho yake. Kila mtumishi wa misioni ya porini amewahi kusikia habari ya mtu aliyekatwa vidole au kupofuliwa na bunduki yake.

IV. Baruti kwa deni

Sasa tufike penye kiini cha neno letu. Mfuachuma aliweza kufanya mengi, lakini bunduki bila baruti ni fimbo. Baruti hufanywa kwa shura, kiberiti na makaa. Makaa yako kila mahali. Lakini shura safi na kiberiti havikupatikana kwa wingi katika inchi yetu, na baruti nzuri ilikuja kwa misafara. Basi mtemi aliyejenga enzi yake juu ya bunduki aliijenga juu ya ghala ya mtu mwingine.

Na yule mtu mwingine naye alidaiwa. Wachuuzi wa pwani hawakusafiri kwa mali yao. Walichukua mali kauli, yaani bidhaa kwa ahadi, kutoka kwa matajiri wa Unguja. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, amesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na huko twaona jinsi alivyopata mali kwa Mhindi Taria Topan. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtemi mkuu wa Itabwa, ambaye watu wake walipigana kwa mishale. Akachukua pembe nyingi. Pembe zile zilikwenda pwani kulipa deni, na deni likalipwa ili jipya lipate kufunguliwa. Mnyororo huo ulikuwa mrefu: tajiri alimdai mchuuzi, mchuuzi alimdai mtemi, na mtemi aliwadai raia zake. Raia wa mwisho hakuwa na mtu wa kumdai. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa malipo.

Msiri wa Bunkeya ni mfano ulio wazi. Alikuwa mtu wa Usumbwa, magharibi ya Tabora. Baba yake Kalasa alikuja Katanga kwa biashara ya shaba. Msiri alikaa, na kwa bunduki chache alijifanya rafiki wa watemi, kisha bwana wao. Alikuwa na akili ya kushika njia zote mbili: alipeleka pembe, shaba na watumwa mashariki na magharibi, akapokea baruti toka pande zote mbili, ili asimtegemee mchuuzi mmoja. Frederick Arnot, mmisionari Mprotestanti aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliikuta enzi yake ingali kubwa. Lakini enzi inayokula baruti yapaswa kuilipa baruti kila mwaka. Pembe zikipungua, watu hukamatwa. Watu wakikamatwa, wengine huasi. Na ili kuwashinda waasi, baruti zaidi yahitajiwa. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, na Msiri akaona haja kubwa ya baruti wakati ule ule Wazungu walipokuwa wakiingia inchini. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold II, alimpiga risasi akafa. Na Bodson mwenyewe aliuawa pale pale. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, aliyerithi ufalme, akakaa upande wa Leta. Wengi husema ya kuwa Msiri aliangushwa na bunduki za Wazungu. Sisi twasema ya kuwa deni la baruti lilikuwa limekwisha kumdhoofisha kabla hawajafika.

V. Eklezia na bunduki

Mtu aweza kutuuliza: Na misioni? Je, mapadri wa kwanza hawakuwa na bunduki? Tujibu bila kuficha.

Walikuwa nazo. Kardinali Lavigerie alituma pamoja na mapadri wake wasaidizi waliokuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Lakini bunduki hazikuwaokoa daima. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi D'Hoop waliuawa. Mpala yenyewe, ambayo Wapadri Weupe waliipokea mwaka 1885, ilianzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms. Naye mwaka 1884 alipigana na mtemi Lusinga, na kichwa cha Lusinga kilichukuliwa mpaka Ubelgiji. Hayo ni majeraha, na mwenye kuandika historia ya Eklezia asiyarukie.

Mwaka 1887 Kapiteni Léopold Joubert alifika Mpala. Alikusanya na kufundisha vijana wa inchi kulinda vijiji, maana wakamata watumwa walikuwa wakizunguka ziwa. Alimwoa Agnes Atakao mwaka 1888, akajenga Saint-Louis ya Mrumbi, akafa mwaka 1927 karibu na Moba, mahali alipoishi na watu wake. Mafundisho ya Eklezia yakubali kulinda uhai kwa nguvu, mradi nguvu isipite kadiri ya hatari, wala nia isiwe ya kuua bali ya kuokoa. Tukimpima Joubert kwa kipimo hicho, twaona tofauti kubwa kati ya bunduki zake na za wakamata watumwa. Tofauti hiyo si katika chuma. Baruti yake nayo ilitoka ng'ambo, na mara nyingi ilipungua. Tofauti ni namna ilivyolipwa. Ililipwa kwa sadaka za wakristu wa Ulaya, hasa baada ya mwaka 1888, Lavigerie alipopita Paris, London, Bruxelles na Roma akihubiri juu ya utumwa. Haikulipwa kwa watoto wa Marungu. Kutoka inchi hiyo ya Marungu alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917.

VI. Sheria ya Bruxelles

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokusanyika Bruxelles yalitia saini mapatano ya kuukomesha utumwa. Kati ya mambo mengine, walikataza kuingiza bunduki na baruti katika Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini. Lakini waliacha mlango mmoja: bunduki ya gumegume isiyo na mifereji, pamoja na baruti ya biashara, iliweza kuuzwa mahali pasipo na biashara ya watumwa. Hapo twapata sababu moja kwa nini gobori limekaa hivi vijijini. Si kwa kuwa mwindaji alipenda ya kale. Sheria ndiyo iliyompa bunduki ya babu, na kumkataza ya askari.

Sheria ile ilikuwa na nia njema, na iliwasaidia wengi. Lakini mfalme yule yule, ambaye mkutano ulifanyika katika mji wake mkuu, aliwapa askari wake bunduki za Albini za kutiwa risasi kwa nyuma. Katika misitu ya kaskazini na ya Equateur, askari hao walipotumwa kutafuta mpira, walidaiwa hesabu ya kila risasi, na wakubwa wengine walitaka mkono uliokatwa uwe ushuhuda wa risasi iliyotumika. Tazameni, ndugu: bwana amebadilika, bunduki imebadilika, lakini deni la baruti bado lalipwa kwa mwili wa mtu.

VII. Fundisho kwetu

Tumalizie kwa maneno matatu.

La kwanza, tuwaulize wazee wafuachuma wangali hai. Katika kila parokia wako wanaojua majina ya sehemu za bunduki kwa lugha ya kwao, rangi ya chuma inayofaa kwa kamani, miiko ya kiwanda na ya mawindo. Mseminari anayerudi kwao likizo achukue daftari. Akisikia habari ya dawa za bunduki, aandike kwanza na kuelewa, ndipo ahukumu. Asiyejua mwindaji aliogopa nini porini hawezi kumhubiri Mungu anayelinda.

La pili, katekista asimdharau mfuachuma wa bunduki wala asimbariki bila kuuliza. Mtu yule hutafuta chakula cha watoto wake, na ufundi wake ni urithi wa kweli. Lakini bomba la motokari lisilojaribiwa laweza kumwua jirani, na wanyama wa Upemba na Kundelungu wamepungua sana. Amri ya tano haimhusu mwenye kufyatua tu. Amri ile ya Liège yatufundisha ya kuwa fundi naye ana wajibu mbele ya mnunuzi wake. Dhamiri ya mkristu yaongeza ya kuwa ana wajibu pia mbele ya yule atakayesimama mbele ya mtutu.

La tatu ndilo kubwa. Katika mashariki ya inchi yetu, vijana wengi wameshika bunduki, nyingine za kisasa, nyingine zilizofuliwa kijijini. Kila mmoja husema ana sababu: kulinda kabila, kulinda shamba, kulipiza. Tusibishane nao kwanza juu ya chuma. Tuwaulize swali la historia: risasi hizi nani anazilipa, na kwa kitu gani? Zikilipwa kwa dhahabu inayochimbwa na watoto, kwa ng'ombe wa jirani, kwa ushuru wa njiani unaomnyang'anya mama unga wake, basi ni deni lile lile la Bunkeya, na mwisho wake waujua.

Nabii Isaya aliona siku ambayo silaha zitarudi kiwandani na kuwa vyombo vya kulimia. Kazi hiyo si ngeni kwa watu wetu. Mfuachuma aliyefua kamani ya gobori ndiye aliyefua jembe, kwa makala yale yale na mivukuto ile ile. Chuma hakichagui kitakuwa nini. Huchagua yule anayekuja na kazi mlangoni mwake, na yule anayemlipa.